Barafu za dirishani Kibokoni: nyota nne, kwa hukumu ya mwanangu

Ningeachiwa mwenyewe ningetoa tano. Lakini barafu hizi zilikwisha kuhukumiwa na binti yangu, ambaye nyumbani tulimwita Kadhi, na yeye alitoa nne. Hukumu ya Kadhi haikatiwi rufaa, kwa hiyo nne ndizo nitakazoandika, na sababu ya ile moja iliyozuiliwa nitaieleza.

Kwanza mahali. Ni Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Kibokoni. Hakuna duka wala kibao. Ni dirisha la nyumba ya watu, nondo zake zimepakwa rangi ya kijani, na chini yake pana baraza ya jiwe. Baada ya alasiri utalijua kwa watoto wa chuo cha Kurani waliojipanga, juzuu zao kwapani. Mwenyewe ni mtu mzima, mjane, anauza kwa kupitisha mkono kati ya nondo. Watoto humwita Bibi, nami nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake hakutaka liandikwe.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Nimefungua friza za mahoteli, za mabucha, za wauza samaki, na nasema bila wasiwasi kwamba ya Bibi ni kuukuu lakini imetunzwa kuliko nyingi zilizotoka dukani juzi. Ni friza ya kulala, ile inayofunguka kwa juu, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu hewa baridi ni nzito, hukaa chini. Ukifunua mfuniko haimwagiki yote kama inavyomwagika friji ya kusimama. Raba ya mfuniko ni nzima, nimeibadilisha mimi. Kuta hazijafanya theluji. Stima zikipotea hamfungulii mtu, hata uwe nani, na yuko sawa: friza iliyojaa, isiyofunguliwa, huweza kushika baridi karibu siku mbili. Pembeni amepanga chupa za maji ya chumvi yaliyoganda. Maji ya chumvi huganda na kuyeyuka kwenye baridi kali kuliko maji matupu, basi yakianza kuyeyuka yao, barafu za kando yake bado ni ngumu. Hilo sikumfunza mimi. Alilipata kwa marehemu mumewe, aliyekuwa mvuvi.

Zamani aliuza za mfuko, zile ndefu unazotoboa ncha kwa meno ukafyonza. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 akahamia vikombe vidogo, na kijiti kimesimamishwa katikati. Wapo watu wazima ambao mpaka leo wanaililia ile mifuko. Kikombe ni pauni, yaani shilingi 20. Malai, ile ya maziwa, ni 40.

Ya ukwaju ndiyo inayouzwa sana. Anauroweka usiku kucha, anaukamua kwa mkono, anauchuja, kisha sukari, chumvi kidogo na bizari nyembamba iliyokaangwa ikatwangwa. Kwa kuwa ina sukari nyingi haigandi ikawa jiwe. Unaimega kwa ulimi. Ya ubuyu ni ya tui na iliki, rangi yake ya asili, haitii ile rangi nyekundu inayobaki midomoni hadi kesho. Ya embe bichi ina chumvi na pilipili, na mimi sijawahi kuimaliza. Ya dafu ni maji ya dafu na nyama yake changa iliyokwanguliwa, basi, hakuna kingine. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo isiyofanya makelele mdomoni. Malai inachemshwa mpaka maziwa yanapungua na kuwa mazito, kisha iliki na lozi za kusaga. Siku za Ijumaa hutia zafarani.

Mara ya kwanza Kadhi kufika hapo nilikuwa nimekwenda kubadilisha raba. Nilimkalisha barazani na kikombe cha ukwaju. Alikuwa na miaka mitano, meno ya mbele yametoka mawili. Alionja, akasimama juu ya baraza ili macho yake yafike dirishani, akasema, “Bibi, hii si ukwaju. Hii ni maji yaliyopita karibu na ukwaju.”

Nilitaka kumkemea. Bibi akaninyooshea kidole ninyamaze. Akachukua kijiko, akaonja kutoka kikombe kile kile, akasema, “Wasema kweli. Leo nimezidisha maji. Kesho njoo uonje tena.” Na kesho yake tukaenda, kwa sababu Kadhi hakukubali kuvikwa viatu kwenda popote pengine.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na rai juu ya kila kitu na hakuinong’ona. Aliniona nikisoma nyota za watu kwenye simu kabla ya kuagiza kompresa, akauliza nyota zile ni za nini, na kuanzia hapo akazigawa nyumba nzima. Pilau ya nyanyake, nyota tano. Mwalimu wa chuo, tatu, “kwa sababu anasoma vizuri lakini anachapa.” Feri ya Likoni, tano na nusu. Muadhini wa msikiti wa jirani, nne. Kaka yake mkubwa hakuwahi kupita mbili, na kijana wa watu alikuwa akijitahidi kweli.

Homa ilianza msimu wa mvua kubwa. Zahanati moja ilimpa dawa za malaria, ikashuka, ikarudi. Kisha tukaanza kuona mabaka ya bluu kwenye miguu, na yeye hakuanguka. Ufizi ukitoka damu akipiga mswaki. Usiku analia mifupa ya miguu. Ninaandika dalili hizi hapa, kwenye maelezo ya barafu, kwa makusudi: ukiziona pamoja kwa mtoto, na uweupe wa viganja, omba apimwe hesabu kamili ya chembe za damu. Ni kipimo cha kawaida. Cha Kadhi ndicho kilichotupeleka hospitali kubwa, na huko, baada ya kutolewa uboho kwenye mfupa wa nyonga, tukaambiwa ni saratani ya damu, ile ya limfoblasti. Saratani ya damu ndiyo inayowapata watoto zaidi kuliko saratani nyingine yoyote, na hiyo ya limfoblasti ndiyo aina yake iliyo ya kawaida kwao. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Kwetu idadi ni ndogo mno kuliko hiyo, lakini wapo; watoto waliolazwa kitanda cha pili na cha tatu kutoka kwa Kadhi leo wanakwenda shule, na nawaona, na nafurahi.

Aliipeleka mizani yake wodini. Sindano ya uti wa mgongo aliipa nyota moja, “na hiyo moja ni ya biskuti niliyopewa baadaye.” Muuguzi wa zamu ya usiku alipewa tano kwa sababu aligonga mlango kabla ya kuingia. Daktari alianza na mbili akapanda mpaka nne kwa juhudi zake mwenyewe, alipojifunza kumwambia Kadhi kwanza kisha sisi.

Mojawapo ya dawa zake ilikuwa vinkristini. Muuguzi alimweleza kwamba ilipatikana kwanza kutoka kwenye ua, lile la waridi na jeupe lenye petali tano, asili yake Bukini, yaani Madagaska, linaloota lenyewe kwenye kuta za mawe ya matumbawe hapa kwetu hata hakuna anayelimwagia maji. Wiki iliyofuata Kadhi alikwenda na shada zima, akaliweka mezani kwa muuguzi, akamwambia, “Dawa yenu hii kwetu ni bure. Mbona babangu analipishwa?” Wodi ilicheka, akina mama waliokuwa wamekaa na watoto wao tangu alfajiri walicheka. (Msije mkatafuna ua hilo wala kulichemsha. Ni sumu. Dawa huchujwa na kupimwa kwa kiasi kidogo sana.)

Sasa nirudi dirishani, kwa sababu hapa ndipo huduma ya Bibi ilipojulikana ni huduma ya namna gani.

Mtoto anayetiwa dawa za saratani hupungukiwa na chembe nyeupe, na kitu kidogo kinachompita mtoto mwingine kwake ni hatari. Na barafu haiui vijidudu. Inavilaza tu, vikiyeyuka vinaamka. Watu wengi hawalijui hili. Maji ya Mji wa Kale mara nyingi ni ya mtungi wa mkokoteni au ya kisima cha chumvi, na nilikuwa nimekata shauri kwamba barafu za nje zimekwisha. Daktari alisema ikiwa maji yamechemshwa na vyombo ni safi, apewe, hasa atakapopata vidonda mdomoni, maana baridi hutia ganzi. Nikaenda kumuuliza Bibi anatumia maji gani. Hakukasirika. Alinifungulia mlango wa nyuma akanionyesha sufuria lake: maji huchemka usiku, hufunikwa yakapoa, hayaguswi kwa kata iliyoguswa na kitu kingine. “Nafanya hivi kwa wote,” akasema, “lakini kwa Kadhi nitatenga.” Akatenga kikapu cha chini kabisa ndani ya friza, vikombe vyake vikasuuzwa kwa maji moto. Ya ubuyu akaanza kuuchemsha unga wake pamoja na tui badala ya kuukoroga mbichi. Ladha ikabadilika kidogo, ikawa nzito. Kadhi akaikubali, na leo wote wanauziwa hiyo ya kuchemshwa.

Dawa ya methotreksati ilipomchoma mdomo, ukwaju haukuingia tena, embe ndiyo hata usiitaje. Ikabaki dafu. Wiki za vidonge vya predinisoloni ilikuwa kinyume chake: uso ulimvimba ukawa wa mviringo, njaa ikamshika, anaamka saa nane za usiku akitaka pilau. Hizo zilikuwa wiki za malai.

Jambo moja nataka kila mwenye duka alisikie. Nywele za Kadhi zilipodondoka, siku moja alifika dirishani na kilemba cha leso ya mamake. Wanawake waliokuwa barazani wakaanza: maskini, mpe bure mtoto wa watu, mpe apone. Bibi akamtazama Kadhi, akanyoosha kiganja. “Pauni yangu iko wapi?” Kadhi akatoa noti ya hamsini aliyoikunja ndani ya kilemba, akapewa chenji yake shilingi 30, akaihesabu. Kisha akawageukia wale akina mama. “Mimi si maskini,” akasema. “Mimi ni mgonjwa.”

Kwingine kote tulikoingia wakati ule tulipewa. Tende, soda, biskuti, noti kushindiliwa mkononi. Nia zilikuwa njema na Mungu awalipe, kwa sababu kuna siku noti zile ndizo zilizotufikisha hospitali. Lakini kwa Bibi pekee ndipo mwanangu aliendelea kuwa mteja. Aliteta kuhusu bei. Alirudisha kikombe kilichopasuka. Alikataa cha jana. Bibi naye alimjibu, alimkatalia, alimwambia ngoja zamu yako. Mke wangu alisema zile dakika barazani ndizo alizokuwa akimuona mtoto wake kama alivyomzaa.

Na vijiti. Bibi hutumia njukuti, zile za kati ya kuti la mnazi, anazichonga mwenyewe na kuzikata fupi. Ni safi, zimechemshwa, hazina gharama. Lakini ni nyembamba, barafu ikianza kulainika inateleza ikaanguka, na ncha yake huchoma. Kwa mdomo wenye vidonda huchoma sana. Kadhi alilalamika rasmi, mikono kiunoni. Bibi akamwambia vijiti bapa vya mbao ni ghali, vingepandisha bei, lakini yeye Kadhi atapewa kijiko. Kadhi akauliza, “Na hawa wengine?” Hawa wengine hawaumwi, akajibiwa. Akafikiri. Akasema kijiko atakitumia leo kwa sababu anaumwa, lakini nyota ya tano haitoki mpaka wote wapate vijiti bapa. Hakuibadilisha. Nimeilinda kama alivyoiacha.

Ugonjwa ulikuwa umetulia, kisha ukarudi, na uliporudi ulirudi na nguvu. Akawa anahitaji chembe sahani, zile za damu zinazozuia kuvuja, mara kwa mara. Mimi kazi yangu ni baridi, nikadhani zinakaa kwenye friji kama damu nyingine. Kumbe hukaa kwenye joto la chumba, nyuzi 20 hadi 24, juu ya kitu kinachozitikisa taratibu, na kwa kawaida hazidumu zaidi ya siku tano. Ndiyo maana haziwezi kulundikwa zikangojea mgonjwa. Lazima mtu aje atoe wiki hii. Vijana wa barazani kwa Bibi walikwenda, wale wale waliokuwa wakipiga kelele nje ya dirisha wakigombania zamu. Walipangana kwa makundi. Mmoja aliogopa sindano akazimia, akaamka, akatoa. Kadhi alipoambiwa, alimpa sita, na hata feri ya Likoni akaipita.

Tulimrudisha nyumbani hospitali walipotwambia kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Dawa ya mofini ya kunywa ilimsaidia, na nasema hivi kwa sababu kuna wazazi wanaiogopa. Alilala, akaamka, akazungumza. Jioni nilimbeba begani mpaka Kibokoni, maana hakutaka kuletewa. Alisema barafu ya kuletewa imeyeyuka ikaganda upya na yeye anaijua. Alikuwa mwepesi mno. Bibi alitoa dafu kutoka kikapu cha chini, Kadhi akalamba kidogo upande mmoja, akafunga macho, akanyamaza muda.

“Leo tatu,” akasema. “Dafu limekomaa.”

Bibi akaonja. “Kweli, limekomaa,” akasema. “Yule mkwezi nitamsema.” Na alimsema, asubuhi yake mtaa mzima ulimsikia akimsomea kijana wa madafu kwamba amemletea nazi.

Kadhi alifariki baada ya hapo, alfajiri, mamake amemshika. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Siku ya khitma Bibi alileta sinia mbili za vikombe vya ubuyu kwa watoto waliokuja kusoma, akazigawa mwenyewe, na safari ile hakuchukua pesa ya mtu. Kaka yake Kadhi alikula viwili. Ilikuwa mara ya kwanza kumuona akila tangu tulipotoka makaburini.

Nimeendelea kwenda. Sitasema ni rahisi. Watoto wapya wamejaa barazani na hawamjui, lakini neno lake wanalo: ukwaju ukiwa mwepesi utasikia mmoja anapiga ukelele, “Bibi, maji yamepita karibu!” Hawajui limetoka kwa nani. Bibi anajua, na hurudi kuonja kila mara.

Ya kukufaa ukienda: hufungua baada ya alasiri mpaka karibu na isha, Ramadhani hufungua baada ya taraweh na foleni ni ndefu. Hufunga akiwa na msiba au harusi, na hatangazi. Kwa simu anapokea malipo kuanzia shilingi 100, chini ya hapo chukua pesa taslimu, na noti ya elfu moja atakurudishia usoni. Ubuyu humalizika kabla ya magharibi. Embe bichi inategemea msimu. Usinunue za kupeleka mbali, Bamburi au Likoni, bila chombo cha kushika baridi, halafu ukazigandisha upya. Hazifai tena, na kwa mtoto mgonjwa ni hatari.

Ukiwa na mtoto aliye kwenye matibabu, muulize daktari wake kwanza, kisha mwambie Bibi waziwazi, naye atakutolea kikapu cha chini. Bado anakitenga. Mtoto akiwa na homa ya nyuzi 38 kwenda juu, usipite dirishani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, barafu zitangoja. Nenda na kijiko chako cha nyumbani kilichosuuzwa kwa maji moto. Na ikiwa mtoto ana pesa yake, mwache alipe mwenyewe.